Lebo Nyuma ya Lebo

"Arobaini na moja," alisema Enid Sugden, kisha akainama na kuanza kuhesabu upya.

Alihesabu kwa njiti ya kiberiti aliyoichonga ncha, akimsogeza kila mtoto wa konokono upande wa pili wa bakuli. Walikuwa wadogo kama punje za mtama, na magamba yao yalikuwa membamba kiasi kwamba chini ya kioo cha kukuzia aliweza kuiona mioyo yao ikipiga. Mayai yalikuwa arobaini na sita. Matano yameoza. Waliobaki walikuwa hai, na watatu au wanne walikwisha kuukwea ukingo wa bakuli wakitafuta pa kwenda.

Arobaini na moja tena.

Aliketi. Chumba chake kilikuwa chini kabisa ya jengo la elimu ya wanyama, karibu na mabomba ya maji ya moto, na tangu mwaka wa 1946 ndicho kilichokuwa nyumba yake ya mchana. Rafu zilipanda hadi darini, na katika kila rafu kulikuwa na masanduku ya mbao yenye vifuniko vya wavu. Ndani ya kila sanduku mlikuwa na udongo mbichi, jani la saladi, kipande cha karoti, chaki ya kusagwa, na konokono. Kila asubuhi kwa miaka thelathini na miwili Enid aliwapangusia kuta za masanduku, akawabadilishia majani, akaandika nani ametaga, nani ameanguliwa, nani amekufa. Nguo zake zilinuka karoti. Alipopanda basi jioni watu walimpisha kidogo, na alikwisha zoea.

Bakuli la leo lilikuwa la mwisho katika kazi ya miaka sita. Profesa Carlyon alitaka kujua kama konokono wa mlimani, mwenye mdomo mweusi wa gamba, ni spishi ya peke yake au ni yule yule wa bondeni mwenye mdomo mweupe. Njia ya kujua ni moja. Wape nafasi wazae pamoja, halafu wangoje watoto wao nao wazae. Farasi na punda huzaa nyumbu, na nyumbu ndiye mwisho wa safari, hana mtoto. Ikiwa watoto wa konokono hawa wangekuwa kama nyumbu, basi wa mlimani ni spishi yake. Ikiwa wajukuu wangeanguliwa, wakawa hai, wakatambaa, basi wote ni wamoja na jina la konokono wa mlimani halina maana tena.

Wajukuu hao walikuwa mbele yake, na jina lenyewe lilikuwa lake.

Sugdenae. Ndivyo lilivyoandikwa kwenye vitabu, kwa Kilatini, kumaanisha wa Sugden. Kiangazi cha mwaka wa 1947 watu wa idara walikwenda kwenye vilima vya mawe ya chokaa, na wakati wenzake wanakula mikate yao, yeye aligeuza jiwe akamkuta konokono ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Carlyon, wakati huo mwalimu kijana mwenye nywele nyingi, alipiga kelele kama mtoto. Miezi minane baadaye makala ilichapishwa. Enid ndiye aliyempata konokono, ndiye aliyempima, ndiye aliyehesabu mistari ya magamba mia sita. Chini ya kichwa cha makala palikuwa na jina moja tu, A. Carlyon. Alipanda ngazi na uso unamwaka moto, akamuuliza.

Carlyon hakukasirika. Alicheka kwa upole. "Bi Sugden, makala husomwa na watu kumi, kisha hufungiwa kabatini. Mimi nimekupa kitu kisichofutika. Miaka mia mbili ijayo, wewe na mimi tukiwa udongo, mtu atafungua droo, na atakutana na jina lako."

Alimwamini. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, baba yake alifanya kazi kiwanda cha sufu, na katika ukoo wao hakuna mtu ambaye jina lake lilipata kuandikwa mahali zaidi ya jiwe la kaburi. Mama alikata ukurasa ule akautia kwenye fremu juu ya jiko la makaa. Kaka yake, Wilf, hakuacha kumtania hata leo, uzeeni: "Haya dada, konokono mwenzio hajambo? Maana Carlyon wako kaitwa Sir, na wewe umeitwa konokono." Naye humjibu, "Bora konokono, ana nyumba. Wewe bado unakaa kwangu." Lakini baada ya siku ile hakuuliza tena. Makala hamsini na tatu zilitoka, na vitabu vitatu. Hakuuliza hata mara moja. Alikwisha lipwa.

Mlango uligongwa. Alikuwa Cyril, bawabu wa jengo, mwanamume mnene mwenye kofia iliyombana.

"Bado uko na watoto wako, Enid? Huko juu wamepanga viti mpaka ukumbini nje. Mzee anaulizia namba yake. Anaitaka kabla ya saa tisa, aitie kwenye hotuba."

"Mwambie naja."

"Ungemwona. Kavaa tai ya kipepeo, koti la mkia. Pengwini anayekwenda kuoa." Cyril alichungulia bakuli. "Ndio hao? Mbona hawana rangi?"

"Rangi huja baadaye."

"Kama mishahara yetu," alisema Cyril, akaondoka akicheka mwenyewe.

Enid alifungua daftari. Mistari ya mwandiko wake ilishuka ukurasa kwa ukurasa, wima, ya wino mweusi, bila doa. Wino ulikuwa sheria ya chumba hiki, maana penseli hufutika, na kinachofutika si ushahidi. Alitazama mkono wake akaona umeshika penseli. Hakukumbuka kuichukua.

Nani angejua? Profesa hakushuka huku tangu magoti yalipoanza kumsumbua, yapata miaka miwili. Ingetosha neno moja, Yameoza. Bakuli lingemwagwa kwenye sinki, na konokono wa mlimani angebaki na jina lake, na ile fremu juu ya jiko isingekuwa uongo. Hakuna ambaye angeumia. Aliiweka ncha ya penseli kwenye karatasi akaandika sifuri ndogo, nyepesi, kama pumzi juu ya kioo.

Akaitazama kwa muda mrefu. Juu yake palikuwa na namba elfu kadhaa, na hakuna hata moja aliyoiongopea. Hata siku mama yake alipokufa, yeye alikuja mchana akahesabu mayai. Kuiona sifuri ile kulikuwa kama kumkuta mgeni mlevi amelala kwenye kitanda cha Enid mwenyewe.

Alichukua kifutio. Kisha kalamu. Akaandika 41.

*

"Arobaini na moja!" Profesa Carlyon aliibusu karatasi. Nywele zake zile nyingi zilikuwa zimekwisha, zimebaki manyoya meupe juu ya masikio. "Bi Sugden, wewe ni hirizi yangu. Nakwambia kila siku, nakuamini kuliko macho yangu. Umeona maana yake?"

"Nimeona, Profesa."

"Spishi moja! Mdomo mweusi ni baridi tu ya mlimani na bahati ya kurithi. Hebu fikiria, nitawatupia hii mwishoni kabisa, wakati wanafikiri mzee amechoka." Alikwisha kukaa mezani akiandika pembeni mwa hotuba yake. Enid alisimama. Alingoja. Aliona kalamu ikienda, ikasimama, ikaenda tena, naye akajiambia: sasa anakumbuka, sasa atainua kichwa.

Aliinua kichwa. "Nisaidie hii tai, tafadhali. Imepinda."

Aliinyoosha. Shingo ya Profesa ilikuwa imelegea, imejikata mahali kwa wembe, na kwa dakika hiyo alimwonea huruma.

"Na yale masanduku, basi tena," alisema Profesa kidevu kikiwa juu. "Jumatatu kile chumba wanakichukua watu wa mashine. Uwamalize leo ukipata nafasi."

"Wote?"

"Wote. Maji ya moto, kama kawaida. Hawasikii kitu." Akatabasamu. "Utakuja kunisikiliza, sivyo? Wafanyakazi wote wamekaribishwa."

Walikaribishwa kusimama nyuma, karibu na makoti. Enid alibadilisha nguo chooni, akavaa gauni lake la buluu na bruchi ya mama kifuani. Cyril alimpisha kwenye nguzo ili apate pa kuegemea. Ukumbi wa makumbusho ulijaa. Mifupa ya nyangumi ilining'inia juu ya vichwa vya wageni, na mbele, juu ya mto wa mahameli, nishani ya dhahabu iling'aa chini ya taa.

Mkuu wa chuo alisoma maisha na heshima za Sir Aubrey Carlyon. Alisoma taratibu, karatasi nne.

Alizaliwa mtoto wa kasisi. Alisoma, alishinda tuzo, alipigana vita. Mwaka wa 1951, nishani ya kwanza, kwa kuonyesha jinsi mistari ya magamba inavyorithiwa. Enid aliyakumbuka majira yale ya baridi, makaa yalipoadimika na mabomba yakaganda, naye alikuja na chupa za maji ya moto kutoka nyumbani, amezifunga kwa soksi za Wilf, akaziweka kati ya masanduku mawili mawili. Walikufa tisa tu.

Mwaka wa 1958, kitabu kilichobadilisha mawazo ya kizazi kizima kuhusu jinsi viumbe wanavyogeuka. Sura ya tano ilikuwa ya ndege na konokono. Wiki kumi na mbili, alfajiri, Enid alipiga magoti porini kando ya mawe ambayo ndege waliyatumia kuvunjia magamba, akiokota vipande na kuvipanga kwa rangi. Goti lake la kushoto bado lilijua mvua ikikaribia.

Mwaka wa 1964, udaktari wa heshima huko Uswidi. Mwaka wa 1969, cheo cha Sir. Siku ile Profesa alimletea Enid kipande cha keki ya sherehe chini, kimefungwa kwenye leso ya karatasi. Alikuwa mtu mwema, Carlyon. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Angekuwa mbaya, Enid angekwisha kujua afanye nini miaka mingi iliyopita.

Kisha Profesa mwenyewe alisimama. Alizungumza vizuri, kama siku zote. Hata Cyril aliacha kutafuna. Alimshukuru mkewe. Aliwashukuru wenzake watatu, wawili wao marehemu. Alishukuru mfuko uliomlipia safari. "Na mabinti zetu wa chini," alisema, "wanaohakikisha mashujaa wangu hawalali njaa." Watu wakacheka. Binti wa chini alikuwa mmoja, na alikuwa na miaka hamsini na sita.

"Namalizia na kuungama dhambi," alisema Profesa, akainua kile kikaratasi. "Nilipokuwa kijana nilikuwa na ugonjwa wa kugawa majina. Kuna konokono mmoja nilimpa jina lake mwenyewe kwa sababu mdomo wake ni mweusi. Mabibi na mabwana, ni sawa na kumwandikia ndugu yako ukoo mpya kwa kuwa umemkuta amekula forosadi!"

Ukumbi ulilipuka. Hata wazee wa mstari wa mbele walijipiga mapaja.

"Leo mchana, baada ya miaka sita ya majaribio yangu, nimepata jibu. Mayai arobaini na sita. Walioanguliwa, arobaini na mmoja. Spishi ni moja. Ninalifuta jina lile kwa mkono wangu mwenyewe, na ninalifuta kwa furaha, maana mwanasayansi asiyeweza kufuta jina, heri auze viatu."

Makofi yalidumu. Watu walisimama. Cyril naye alikuwa akipiga makofi na kucheka, mpaka alipogeuka akamwona Enid, mikono ikabaki hewani.

"Ngoja," alinong'ona. "Si yule... Enid, si yule wa kwako?"

"Ndiye."

"Hata hakulitaja."

"Hapana."

"Pengine kakuficha. Pengine kaona haya kukutaja mbele za watu."

Enid alitaka sana iwe hivyo.

Alimfikia Profesa kando ya meza ya divai, pale wageni walipopungua. Nishani ilikuwa shingoni mwake sasa, kwenye utepe mwekundu, naye aliishika kwa vidole viwili kama mtu anayepima joto lake.

"Bi Sugden! Umesikia walivyocheka?"

"Nimesikia." "Lilikuwa jina langu, Profesa."

"Jina gani?"

Profesa aliuliza kwa dhati. Uso wake ulikuwa mtupu na wazi, uso wa mtu aliyeulizwa njia katika mji asioujua. Enid aliona jambo lile likimfikia polepole, kutoka mbali.

"Ah," alisema Profesa. "Ah, ndiyo. Sugdenae. Maskini wee. Ilikuwa lini ile, kabla ya..." Akamgusa begani. Mkono ulikuwa na joto. "Lakini, mpenzi wangu, mimi na wewe hatujawahi kuwa watu wa kujali majina. Sivyo? Kazi ndiyo iliyokuwa mbele. Kazi tu."

Utepe mwekundu ulikuwa umejikunja kidogo kwenye ukosi wake. Mkono wa Enid ulianza kuinuka wenyewe kuunyoosha, kisha ukashuka.

"Ulisema hakifutiki," alisema.

Lakini mtu wa gazeti alikwisha mshika Profesa kiwiko. Walitaka picha, yeye na droo la yule konokono, na lebo iliyosahihishwa ionekane.

*

Bwana Lumb, mtunza makumbusho, alikuja akihema, ameshika kadi nyeupe na kichupa cha wino. Alikuwa mtu mwenye aibu, mgongo umepinda kwa kuinamia droo.

"Bi Sugden, samahani sana. Nisingekuomba, lakini hakuna mwingine mwenye mwandiko mzuri, na mpiga picha ana haraka. Ni mstari mmoja."

Hiyo ilikuwa kweli. Lebo zote za jengo lile zilikuwa za mkono wake, magamba, mayai, hata nyangumi. Zote isipokuwa moja. Mwaka ule wa 1947 alikataa kuliandika jina lake mwenyewe, aliona haya, na Carlyon akaiandika mwenyewe, kwa herufi zake za kukimbia, akidondosha wino pembeni. Ilikuwa bado pale Bwana Lumb alipolivuta droo. Karatasi imegeuka manjano. Konokono mwenyewe alikuwa gamba tupu kwenye pamba, mdogo kuliko alivyomkumbuka, mdomo mweusi kama wa mtu aliyekula forosadi.

Aliketi akaandika. Jina la yule wa bondeni, jina la kilima, mwaka. Mstari wa mwisho, mahali pa jina la aliyemwokota, alisita.

"Tulikuwa tunaandika nini hapa?"

"Lebo ya zamani inasema 'A. Carlyon na kundi,'" alisema Bwana Lumb kwa sauti ndogo. "Natakiwa kuifuata ilivyo."

Aliandika ilivyo. Akapuliza wino.

"Na hii?" Alikuwa ameshika ile ya manjano.

"Hatuitupi. Ni desturi ya nyumba. Kila lebo hukaa nyuma ya ile iliyoifuata, kwenye kishikizo hicho hicho. Nyingine zina tano, sita." Alijaribu kutabasamu. "Kwa hiyo bado ipo, waona. Ipo nyuma."

"Nani huziangalia, Bwana Lumb?"

Mzee yule aliisafisha miwani yake, akaivaa tena. "Kusema kweli," alisema, "hakuna."

Enid aliziweka pamoja, mpya mbele, ya zamani nyuma, akazisawazisha pembe kwa pembe mpaka hata ukucha wa manjano usionekane. Kisha akashuka ngazi kabla mwanga wa kamera haujawaka.

Chumbani palikuwa na joto. Alivua bruchi, akavaa koti lake la kazi juu ya gauni la buluu, akajaza birika kubwa, akaliweka kwenye jiko la gesi. Kupitia mabomba alisikia watu wa juu wakicheka, sauti nyembamba, ya mbali. Chini yake kulikuwa na sauti nyingine, ile ambayo wageni hawakuisikia hata walipoambiwa wanyamaze: mamia ya midomo midogo ikikwangua majani.

Alilipakata lile bakuli la mwisho. Hakuliwekea kifuniko. Mmoja wao, mweupe kama tone la maziwa, alikuwa amefika juu kabisa ya ukingo, hana pengine pa kupanda. Akasimama pale, akatoa pembe zake mbili, akaanza kuipapasa hewa.

Birika lilianza kulia. Enid hakuinuka.